Mstari Mtupu wa Kijani

Wifi yangu alirudi kazini kabla hajalia. Mumewe alizikwa, watu wakaja na kuondoka, viti vya kuazima vikarudishwa kwa wenyewe, na yeye macho makavu vilevile. Nyumba waliyopanga yeye na marehemu akaikabidhi kwa mwenye nyumba, akahamia kwetu, maana mume wangu ndiye ndugu yake pekee aliyebaki. Alikuja na sanduku la nguo, kompyuta ya kazini na mto wa kukalia ambao marehemu alimnunulia kwa ajili ya mgongo.

Watu husema mawifi wawili hawapiki jikoni moja. Sisi tulipika, ila mmoja wetu hakuwapo. Alikuwa akiosha sahani, anaifuta, anaiweka kabatini, kisha anaitoa na kuiosha tena. Siku moja sukari ya chai iliisha, nikawaomba radhi wote mezani. Mume wangu alinung'unika, akasema hajawahi kunywa maji ya moto yenye rangi. Wifi alikunywa kikombe chake chote mpaka tone la mwisho, akasema ahsante, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Ukimwuliza umelala vipi, anasema vizuri. Ukimwuliza utakula, anasema sawa. Kila kitu kilikuwa sawa.

Kazi yake ni kujaribu programu za kompyuta kabla hazijapewa watakaozitumia. Wenzake wanaziandika, yeye anatafuta namna ya kuziangusha. Marehemu alikuwa mtu wa mizaha, alipenda kutuambia kwamba mkewe analipwa mshahara kwa kuvunja vitu vya watu, na nyumbani anavunja bure.

Kwa kuwa alikuwa bado hajazoea tena kukaa na watu ofisini, meneja wake alimruhusu afanyie kazi kwetu. Alitumia meza ya kulia. Mimi nilikuwa nakaa upande wa pili nikikunja nepi za mwanangu, na mtoto mwenyewe amelazwa mkekani kati yetu, ndiyo kwanza anajifunza kugeuka. Kwa hiyo niliona kioo cha ile kompyuta kila siku, nikitaka nisitake. Kilikuwa na mistari ya maandishi, kila mstari na namba yake pembeni. Mingi ilikuwa imepakwa kijani, michache nyekundu. Siku moja nikamwuliza zile rangi ni za nini.

Alinieleza kwa sauti ile ile aliyokuwa akisemea sawa. Programu ni mistari, akasema, na kompyuta inaisoma mmoja mmoja. Sasa kuna chombo kinachokaa pembeni wakati majaribio yanaendeshwa, kama karani anayesimama mlangoni. Jaribio likipita kwenye mstari, karani anaandika namba ya mstari huo kwenye faili. Majaribio yakiisha, chombo kinafungua lile faili, kinaleta maandishi ya programu, kinayapaka rangi. Palipopitiwa kijani, ambapo hapajapitiwa nyekundu. Juu kabisa kinaweka asilimia, watu wasipate tabu ya kusoma.

Nikasema basi kijani ndiyo uzima, pale hapana ugonjwa.

"Hapana, wifi. Kijani maana yake mtu amepita. Mtu anaweza kupita mlangoni kwako asikuulize hali."

Akarudi kwenye kazi yake. Ofisini walimpa jina la Mama Kijani kwa sababu ya rangi hizo, naye alikuwa akilijibu kama jina lolote.

Programu yenyewe ilikuwa ya kliniki za watoto. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto, programu inamwambia dawa ya maji kiasi gani. Wenye kliniki walikuwa wamekubaliana na ofisi kwamba hawataipokea kama kijani haijafika asilimia tisini. Na meneja alikuwa amempigia mume wangu simu, kwa kuwa ndiye kaka mtu, akamwambia kwa upole kwamba anamsubiri dada hadi siku ya makabidhiano. Kazi hii ikikabidhiwa bila matata, kiti chake cha kuongoza majaribio ni chake. Ikiharibika, atampa kijana mwingine, na dada atafutiwa jambo jepesi. Watu wa pale walikuwa wameanza kusema kwamba msiba umemchanganya. Mume wangu alinieleza hayo jikoni, mlango umerudishwa, huku amekamata mwiko ambao hakuwa na kazi nao.

"Kile kiti ndicho kilichobaki kwake," alisema. "Wakimwondoa pale, ataamka asubuhi kwenda wapi?"



Siku moja kabla ya makabidhiano, jua likiwa limeshaingia mpaka mezani, niliona wifi ameacha kuandika. Hakuhema kwa nguvu wala hakusogea, alikodoa macho tu. Mtoto alilia, nikambeba, akanyamaza, na yeye bado vilevile.

"Mstari mtupu umepakwa kijani," akasema.

Sikujua kama ananiambia mimi. Nilizunguka meza nikaangalia. Kweli palikuwa na mstari wenye namba pembeni, na mbele ya namba hapakuwa na hata herufi moja. Nafasi tupu, ile inayoachwa kati ya maandishi ili macho yapumzike. Nayo ilikuwa ya kijani, kama jani.

Nikamwuliza mtu anapitaje pasipo na kitu. Akasema hapiti. Akasema kile chombo hakikumbuki maneno, kinakumbuka namba tu. Mtu akiongeza mistari mipya juu, maandishi yote yanasogea chini, lakini rangi za zamani zinabaki kwenye namba zake za zamani. Zinamwangukia yeyote aliyekaa pale.

Nilikumbuka wodi niliyojifungulia. Muuguzi mmoja alikuwa akiandika namba ya kitanda badala ya jina. Mama wa kitanda cha jirani aliporuhusiwa, wakamlaza mwingine, na jioni yule mgeni akaambiwa dawa ameshakunywa. Alibishana nao mpaka mumewe alipokuja. Nikamweleza wifi.

"Ndivyo," akasema. "Aliyeondoka amekunywa. Aliyelala hana habari."

Akashusha ukurasa mpaka chini, huku ana kidole juu ya kitufe. Mwisho wa ukurasa chombo kinaandika tarehe na saa faili lilipoanzishwa. Tarehe ile sina haja ya kuitaja. Nyumbani kwetu kila mtu anaijua. Asubuhi hiyo alikuwa ofisini, amewasha majaribio, yanakwenda, simu ikaita kutoka hospitali. Aliinuka akaacha kila kitu kikiwa wazi. Marehemu alikuwa amelazwa tangu usiku kwa maumivu ya kifua ambayo alikuwa akiyaita gesi, akamwambia mkewe aende tu kazini.

Na ofisi yao ina utaratibu wake. Faili moja wanalichangia wote. Kila mtu akiendesha majaribio yake, matokeo yanaongezwa juu ya yale yaliyokuwapo, ili kazi ya mikono mingi itoe picha moja. Wa kufuta ni mmoja tu, yule anayeanzisha, na anayeanzisha ni yeye. Kila mzunguko mpya sharti afute kwanza. Hakurudi kufuta. Alikuwa chumba cha maiti, kisha makaburini, kisha kwetu, akiosha sahani. Wenzake wakaendelea kuweka matokeo yao juu ya yale ya asubuhi ile, na hakuna aliyefunua chini kuangalia, maana juu palikuwa kijani. Alipoanza tena kazi hata yeye aliweka ya kwake juu yake.

Wakati hayupo, mtu aliongeza mistari ya watoto waliozaliwa wepesi sana, wale wenye hesabu yao ya pekee. Haikuwa imejaribiwa na yeyote. Ila rangi ya zamani ilikuwa imeiangukia, ikawa kijani nayo.

Nikamwuliza akifuta itakuwaje. Akasema asilimia itashuka. Nikamwuliza itashuka mpaka wapi. Akasema hajui, ndiyo maana ya kupima. Aliweka kidole, akakiondoa. Akafunga kompyuta, akatoka nje kwenda kugeuza nguo kwenye kamba. Nguo zenyewe zilikuwa zimeshakauka.

Mume wangu aliporudi nilimweleza nilivyoelewa. Alisikiliza amesimama. Kisha akamfuata dada yake pale uani, akamwambia kesho akabidhi tu, afute baadaye, hata kesho kutwa, nani atajua. Alimwambia kwa huruma, si kwa ujanja. Alisema, "Dada, mtu haongezi kaburi juu ya kaburi."

Wifi akasema sawa.

Na kwa kuwa kwake kila kitu kilikuwa sawa, tulilala bila kujua amekubali nini.

Asubuhi mume wangu akaniomba nimsindikize. Siku zile wifi alikuwa na tabia ya kupita mlango anaouendea, anakwenda mbele kabisa mpaka mtu amwite. Nikambeba mtoto mgongoni, tukaenda. Ofisi iko juu ya duka la magodoro. Unapanda ngazi nyembamba, magodoro yamesimamishwa ukutani yamevaa mifuko ya nailoni, na mtoto wangu alikuwa anayapiga makofi kila tukipita. Juu kuna chumba kimoja kikubwa, meza zimekabiliana, nyaya zimefungwa kwa utepe sakafuni, na ukutani skrini pana kama meza ya kulia. Kwenye skrini palikuwa na neno moja la kijani na namba tisini na nne.

Kijana anayekaa meza ya jirani na wifi wanamwita Asilimia, maana hata ukimwuliza kama ameshiba anakujibu kwa namba. Ndiye aliyekuwa akitajwa kupewa kile kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alituona akavuta viti viwili.

"Mama Kijani, karibu kwako. Na huyu mgongoni ndiye mkaguzi mkuu?"

Nikasema ndiye, ila akianza kukagua mtaziba masikio. Akacheka. Wifi alikaa, akautoa ule mto wake kwenye mfuko aliokuja nao, akauweka mgongoni.

Meneja aliingia na mgeni, muuguzi mkuu wa zile kliniki, mama mzito wa mwili, mkoba ameuweka mapajani kama mtu aliye kwenye foleni. Meneja akaonyesha skrini, akasimulia. Alisema programu imepitiwa mstari kwa mstari. Alisema tisini na nne si mchezo, wengine wanafika themanini wanafanya sherehe. Yule muuguzi alisikiliza bila kutikisa kichwa. Akauliza jambo moja tu.

"Hawa wachanga kabisa, waliozaliwa wepesi. Wao mmewajaribu?"

Meneja akasogea kwenye kompyuta, akafungua mistari hiyo, ikatokea ukutani mikubwa. Yote kijani. Katikati yake nikauona ule mstari mtupu.

"Hawa hapa, wamo," akasema meneja. Akamgeukia wifi. "Au siyo, dada?"

Swali lenyewe halikuwa swali. Alitaka kusikia ndiyo, basi, ili mkono upeanwe. Asilimia alikuwa ameshaanza kukunja waya. Wifi alitazama ukuta. Mwanangu alikuwa akinyonya kola ya gauni langu, na nakumbuka nilimwacha ainyonye.

"Hiyo kijani ni ya zamani," wifi akasema. "Ni yangu. Niliondoka nikaiacha."

Meneja akatabasamu kwa mgeni, akashusha sauti, akamweleza kwamba dada yetu amefiwa na mwenzi wake, msiba bado mbichi. Muuguzi akasema pole. Meneja akashika mgongo wa kiti cha wifi, akamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mtoto anayesinzia mezani, kwamba aende nyumbani akapumzike, wao watamalizia. Wifi hakubisha. Aliinuka. Nikadhani tunaondoka, nikamkaza mtoto mgongoni. Lakini alikwenda kwenye ile kompyuta ya meneja, akaandika maneno machache.

Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika anataka kufuta. Swali lilikuwa ukutani, wote tulilisoma. Chini yake palikuwa na jina la faili, na tarehe ile.

Alisimama hapo. Meneja alifungua mdomo, Asilimia akamgusa mkono, akaufunga. Sijui wifi alikuwa anaangalia nini. Labda saa. Saa ile pembeni ya tarehe ilikuwa bado ni asubuhi ambayo ana mume.

Akabonyeza.

Ukuta ukawa mweupe. Kisha akaanzisha majaribio yote upya, na tukasubiri, kiasi cha muda wa kuchemsha birika la chai. Chini kulikuwa na mtu anapatana bei ya godoro. Rangi zikaanza kurudi, kijani, kijani, ukaja mstari mwekundu mmoja, halafu ule ukurasa wa watoto wachanga ukashuka mwekundu kuanzia juu mpaka chini. Ule mstari mtupu ukabaki mtupu, bila rangi. Namba ikasimama sabini na moja.

"Mficha maradhi," akasema Asilimia kwa sauti ya chini, akakumbuka alipo, akameza maneno yaliyobaki.

Muuguzi aliinuka, akafunga mkoba. Hakukasirika. Akamwambia meneja amwite itakapokuwa tayari, akamshika wifi bega kidogo, akashuka ngazi polepole, ameshikilia ukuta.

Meneja alisubiri mpaka hatua za yule mama zikapotea. Kisha akasema amemwelewa dada. Akasema hata yeye asingependa mtoto wake apimiwe kwa bahati. Lakini mgeni ameondoka, na wakubwa wataniuliza mimi, akasema, na nitawajibu nini, kwamba kiongozi wa majaribio ndiye aliyesahau kufuta? Kuanzia leo Asilimia ataongoza. Wifi atakuwa chini yake.

"Sawa," wifi akasema.

Asilimia alikuwa ameinama anafungua tena ule waya alioukunja. Mwishowe alivuta kiti karibu na wifi, hakukaa kile chake.

"Dada, tunaanzia wapi?"

"Palipo nyekundu."

Akaanza kuandika jaribio la kwanza. Vidole vilikwenda, vikasimama. Akanigeukia.

"Wifi, huyu alizaliwa na uzito gani?"

Nilimwambia. Kilo mbili kasoro robo. Walimweka kwenye kisanduku chenye taa, nikawa naenda kumtazama nimeshika ukuta kama yule muuguzi. Wifi alikuja siku hizo kila siku na chupa ya maji ya moto, yeye na marehemu, na marehemu alikuwa akimwita mtoto Robo. Hakuna aliyeyasema hayo. Aliingiza uzito, akabonyeza. Mstari mwekundu mmoja ukageuka kijani, na wa chini yake, na wa chini yake. Lakini hakuishia kwenye rangi. Akatazama jibu, akachukua karatasi ya vipimo iliyoletwa na kliniki, akapitisha kidole mpaka kwenye namba, akalinganisha.

"Sahihi," akasema.

Asilimia akaegemea nyuma. "Kwa hiyo ingeweza kwenda tu."

"Ingeweza. Ila hakuna aliyekuwa anajua."

Akaandika la pili.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Safari hii hakuupita mlango wetu. Mume wangu alikuwa ametangulia kufika, ameweka birika jikoni yeye mwenyewe, jambo la nadra, akatumiminia chai wote watatu kabla hajauliza. Wifi akamwambia ameshushwa. Mume wangu akaweka kikombe chini, akauliza kwa nini hakusubiri, siku moja tu, dada yangu, siku moja.

Wifi alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Kila asubuhi nilimwuliza hali," akasema. "Akanijibu mzima. Nikaridhika. Nikaenda kazini."

Mume wangu akatazama sakafu. Mimi nilikuwa nikimfungua mtoto mgongoni, fundo limekaza, na nilishukuru kuwa na fundo la kushughulikia. Wifi akanywa funda moja, akakunja uso, akakitazama kikombe.

"Kaka, hii chai haina sukari."

Mume wangu akasema ametia. Akaonja ya kwake. Akainuka kwenda kuleta kopo la sukari.